Shingo ya Paka wa Mama

Kazi yangu ni kutazama shingo za watu. Natazama pia matumbo ya wajawazito, maini, figo na vibofu, chochote wanachoniletea kwenye kile chumba chenye pazia la kijani pale Ibanda, lakini mtu akiniuliza ninachokijua kweli, nitamjibu ni shingo. Huku kwetu milimani rovu, ambalo sote tunaliita goita, lilikuwa ugonjwa wa kila kijiji kabla chumvi yenye madini joto haijaenea. Mpaka leo wanawake wa umri wa mama yangu wanashuka mjini wamefunga vitambaa shingoni hata jua likiwaka. Wanalala chali, nawawekea mto chini ya mabega, nawapaka jeli, napitisha sonda, kile kishikio cha mashine ya ekografi inayoona ndani ya mwili, juu ya koo, na tezi yao inatokea kwenye kioo. Nimeifanya kazi hii miaka ishirini na miwili.

Nakiri nina kiburi na macho yangu. Daktari akiandika neno kwenye karatasi na kuweka alama ya kuuliza mbele yake, mimi ndiye ninayeifuta ile alama. Tena nina hasira za karibu. Mgonjwa akisogea-sogea namkemea, mwenzangu akinibishia namkatia maneno, halafu jioni najuta na kumpelekea andazi. Mama anasema nilizaliwa nimekunja uso na mkunga akadhani nina kesi naye.

Naishi na mama huko Bagira, kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu baba, yenye kiwanja kidogo cha maharage nyuma. Wanangu wako masomoni mbali, kwa hiyo nyumbani tuko watatu. Naomba radhi, tuko wawili na paka mmoja. Nimezoea kusema watatu kwa sababu namhesabu paka kama mtu, na mama amenikataza mara nyingi. Yeye anasema paka si mtu, paka ni mfanyakazi: kazi yake ni panya wa kwenye gunia la unga, na malipo yake ni sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kila asubuhi. Hata jina hajampa. Anamwita "we paka", na paka anaitika.

Lakini mfanyakazi huyo alikuwa anabebwa mgongoni. Mama akienda kupalilia alimfunga kwa kitenge kama mtoto mchanga, kichwa cha kijivu kikichungulia juu ya bega, na majirani wakimtania alijibu kwamba udongo una baridi na paka ni mzee. Wote wawili walikuwa wazee. Paka alikuwa na miaka kumi na mitatu, mama sabini na kitu.

Mama mwenyewe aliwahi kuwa na goita. Ni kama alizaliwa nayo, kule Luhwindja milimani, akaolewa nayo, akanizaa nayo, na nilikuwa shule ya msingi walipomkata na kuiondoa tezi yote. Tangu siku hiyo anakunywa vidonge viwili vyeupe kila asubuhi kabla ya chai, na anafunga kitambaa shingoni. Vidonge ninamletea mimi kila mwanzo wa mwezi, kutoka famasi ya kliniki. Kovu lake nimeliona mara chache sana, kwa bahati mbaya, akiwa anaoga au kitambaa kikiteleza. Nimewahi kumwomba nimpime na mashine, mara tatu kama sikosei. Kila mara alinijibu kwamba shingo yake ilishatazamwa na watu ya kutosha, na akaniuliza kama maharage yameiva.

Basi mvua zilipoanza, paka alianza kukonda. Jambo la ajabu ni kwamba alikuwa anakula kuliko zamani. Alimaliza sambaza, akamaliza ugali, kisha akasimama kwenye mlango wa jiko na kupiga kelele kama anayedai haki mahakamani. Manyoya yakaanza kumtoka mafungu-mafungu. Alikuwa hatulii: juu ya kabati, chini ya kabati, dirishani, darini. Nikimshika niliusikia moyo wake unakimbia chini ya vidole.

"Hii paka inakula kama mwanaume mwenye ametoka kuchimba," mama alisema kwa Kiswahili chetu kilichochanganyika na Kifaransa, "mais nyama haionekane."

Siku moja nilimpapasa chini ya koo, kwa mazoea tu, na kidole changu kikagusa uvimbe upande wa kulia. Ulikuwa wa mviringo, ukubwa wa harage bichi. Paka mzee, anakula sana, anakonda, moyo unakimbia, ana uvimbe shingoni: angekuwa mwanamke amelala kitandani kwangu ningejua pa kuanzia. Nilimwangalia mama, naye akageuka upande na kuanza kuosha sufuria iliyokuwa safi. Nilifikiri ni huzuni. Sasa najua hakuwa anasikia huzuni peke yake.

Tulimwita daktari wa mifugo anayezunguka Bagira, mzee mpole wa mabuti ya mpira ambaye maisha yake yote yamekuwa ng'ombe na mbuzi. Alimshika paka kwa heshima, akaupapasa uvimbe, akasikiliza moyo, kisha akavua kofia. Nilipoona amevua kofia nilijua ni habari mbaya.

"Maman," alimwambia mama, "hii ni ugonjwa ya tezi. Niliona moja kwa mbwa ya bapadri. Kama iko kansa na imeshuka mu kifua, siwezi kata, atanifia mu mikono. Heri nimuchome sindano, alale bila kuteseka."

"Na kama haiyashuka?" mama aliuliza.

"Kama haiyashuka nitajaribu kuikata na kuitosha. Mais nani atanionyesha? Mi siko na macho ya kuona mule ndani."

Wote wawili walinigeukia. Daktari alisema atarudi Jumatatu, na siku hiyo ama atakuja na wembe wa kukata ama na ile sindano. Hiyo ilikuwa Jumatano. Mama alimfunga paka mgongoni na kwenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka wakati wa chakula.

Nilimwandikia rafiki yangu wa sekondari ambaye sasa ni daktari wa wanyama Ulaya, kwenye hospitali ya paka na mbwa tu. Wana hospitali yao wenyewe, na chumba cha kusubiri cha paka kiko mbali na cha mbwa ili wasichukizane. Alinitumia ujumbe mrefu wa sauti. Alisema kwao paka wa namna hii anachomwa dawa kidogo inayotoa mionzi, dawa hiyo inakimbilia kwenye tezi, kisha analazwa chini ya kamera kubwa inayoona mionzi tu. Tezi yenye ugonjwa inang'aa kwenye picha. Kansa ikiwa imesambaa kifuani, kifua nacho kinang'aa. Baadaye wanampitisha kwenye skana, ile mashine kubwa ya picha za ndani ya mwili, kuona kama uvimbe umeshika koo au mishipa. Alinitumia picha moja: kivuli cha paka, na shingoni taa mbili, moja kubwa na moja ndogo. Ilikuwa picha nzuri, sitasema uongo. Niliitazama nikiwa kwenye foleni ya maji na nikaona wivu.

Kamera hiyo hatuna. Skana tunayo mjini, ya watu. Nilimpigia fundi wake, tuliyesoma pamoja.

"Dada, njo umulete!" alicheka. "Atakuwa mugonjwa wa kwanza mwenye hataniuliza majibu itatoka saa ngapi."

Alipomaliza kucheka aliniuliza swali la kazi: nani atamfanya paka alale bila kusogea? Angehitaji dawa ya usingizi, na moyo unaokimbia vile huenda ungesimama palepale. Hilo nililijua kabla sijampigia. Nilitaka tu mtu mwingine anikatalie.

Ilibaki mashine yangu. Kliniki ina mashine ndogo ya kubeba, ya betri, ninayopanda nayo kwenye vituo vya afya vya milimani, na wiki ile nilikuwa nimerudi nayo nyumbani kutoka safarini. Niliomba ruhusa kwa mkubwa wangu. Aliniambia niifute vizuri sana, mara mbili, na asisikie habari hiyo tena. Rafiki yangu wa Ulaya alinitumia vipimo. Tezi ya paka mzima iko pande mbili za koo, alisema, na kila upande ni kama njiti ya kiberiti iliyokatwa katikati. Akiwa mgonjwa utaona inafura kama harage, na ukiwasha rangi za damu, zile zinazoonyesha damu inavyopita, utaona moto umewaka.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana nilitandika taulo juu ya meza ya sebuleni, karibu na dirisha. Nilifanya nilivyozoea: nilimlaza paka chali, nikamwekea kitaulo kilichokunjwa chini ya mabega, na kumwinua kidevu. Paka alinikwaruza kuanzia kiganja mpaka kiwiko, akaruka juu ya televisheni na kuangusha picha ya ubatizo wa mwanangu wa kwanza. Nilipiga kelele. Nilimwita jina ambalo sitaliandika hapa. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, mikono mapajani, amevaa sweta mbili ingawa siku ile kulikuwa na joto.

"Unamulaza kama mwanamuke wa goita," alisema taratibu. "Yeye haiko mwanamuke. Lete kitenge."

Alimfunga, safari hii mbele, si mgongoni. Alikaa kwenye kiti cha mbao, akamkalisha paka mapajani na mgongo wake umeegemea kifua cha mama, akazungusha kitenge mara mbili mpaka kilichobaki nje kilikuwa kichwa na koo tu. Kisha akaweka kidevu chake juu ya kichwa cha paka na kuanza kuimba chini-chini kwa Kishi, lugha ya kwao, ule wimbo wa kubembeleza niliokuwa nimesahau kwamba naujua. Paka alifumba macho. Nilimnyoa manyoya ya koo kwa mashine ya kunyolea ya marehemu baba, nikaipasha jeli mikononi, nikapiga magoti mbele yao.

Uvimbe niliuona mara moja. Ulikuwa mweusi kwenye kioo, mweusi kabisa, na kwa mashine hii weusi wa namna hiyo ni maji. Ulikuwa kifuko cha maji chenye ukuta mwembamba na laini, bila nyama ndani yake. Nilishuka na sonda mpaka nikaona ukingo wa chini: umejikunja vizuri juu ya mbavu, haujagusa kifua. Niliusukuma kidogo kwa sonda na ukateleza, haujashika kitu. Nilimwambia mama haijashuka, naye akaendelea kuimba, ila sauti ilitetemeka.

Ningeweza kuishia pale. Lakini mfuko wa maji haumfanyi paka akonde wala moyo wake ukimbie, na mimi sipendi alama ya kuuliza ibaki kwenye karatasi. Nilihamia upande wa kushoto kuitafuta ile tezi iliyofura. Nilitafuta harage. Sikuliona. Nilitafuta njiti ya kiberiti, sikuiona pia. Mwishowe, nikiwa nimekaza macho mpaka yakauma, niliona uzi. Tezi ilikuwa imenywea na kuwa uzi mwembamba. Niliwasha rangi za damu, nikingoja moto. Kioo kilibaki cha kijivu.

Nilijua picha ile. Miaka kadhaa nyuma aliletwa kwangu msichana aliyekonda ghafla, moyo unakimbia, na tezi yake ilikuwa imenywea vilevile. Ilikuja kujulikana alikuwa anakunywa vidonge vya tezi vya shangazi yake ili apunguze mwili. Mwili ukipata dawa hiyo kutoka nje, tezi inaacha kazi na kulala. Paka wa mama alikuwa na tezi iliyolala na mwili unaowaka. Mtu alikuwa anampa vidonge.

Niliinua macho, na uso wa mama ulikuwa pale, sentimita chache kutoka kwangu, juu ya kichwa cha paka. Sijui mara ya mwisho nilikuwa nimeutazama lini kwa karibu vile. Kope zake zilikuwa zimevimba. Nyusi zilikuwa zimepukutika upande wa nje. Ngozi ilikuwa kavu na rangi imefifia. Wimbo aliokuwa anaimba ulitoka kwa sauti nzito, ya kukwaruza, na sauti ya mama siku zote ilikuwa nyembamba. Nilimshika kifundo cha mkono: baridi, na mapigo yalikuja polepole, moja, kimya, jingine. Chini ya mkono wangu wa pili moyo wa paka ulikuwa unakimbia mara tano ya wake.

Kwa miezi nilikuwa nimeona mama amepunguza mwendo. Amelala mapema, amesahau chumvi, amevaa sweta mbili. Nilijiambia ni uzee na nikaenda kazini kutazama shingo za wengine.

"Maman," nilisema, "vidonge yako, unakunywaka?"

"Nakunywaka."

"Zote mbili?"

Alikaza fundo la kitenge.

"Maman."

"Usinipigie kelele mbele ya paka."

"Sipigi kelele."

"Uko karibu." Alimpapasa paka masikio. "Nilimupatiaka. Tangu ile siku ya kwanza nilishika shingo yake, kabla ya weye kushika. Nilijua ni goita. Mi najua goita. Nikasema, dawa ya goita niko nayo. Nikamuwekea nusu ndani ya sambaza."

"Nusu tu?"

"Kwanza nusu. Halafu akaanza kukonda, nikasema ugonjwa inazidi, nikamuongeza. Akakonda tena, nikaongeza tena."

"Na sasa?"

"Zote mbili. Asubuhi moja, mangaribi moja."

"Na weye?"

Alinitazama kwa yale macho yaliyovimba, bila aibu yoyote.

"Mi niko muzee. Goita ilishakuwaka kwa shingo yangu, najua kuishi nayo. Kama inarudi, irudi. Yeye hajue."

Ilinichukua muda kuelewa alichosema. Sista aliyemhudumia baada ya kukatwa, kule hospitalini, alikuwa amemwambia kwamba vidonge vile vitamlindia shingo ili goita isirudi. Labda alitaka kumrahisishia mambo. Mama aliyapokea maneno hayo na kuyabeba miaka zaidi ya arobaini. Hakujua kwamba vidonge vinafanya kazi ya tezi aliyoondolewa, kwamba bila hivyo mwili unazimika polepole. Aliamini ni mlinzi wa shingo. Na mimi, mtaalamu wa shingo, niliyemletea vidonge kila mwezi kwa mkono wangu, sikuwahi kumwuliza anafikiri ni vya nini. Aliyekuwa anamkondesha paka ni mama, kwa huruma, na kila alipomhurumia zaidi alimkondesha zaidi.

Nilipiga kelele, ndiyo. Nilimwambia angekufa. Nilimwambia angeniua mimi. Kisha nikatoka nyuma ya nyumba, nikasimama kati ya mistari ya maharage na kulia kama mtoto, jeli bado mikononi, huku jirani akijifanya anaanika nguo. Nilikuwa na aibu. Sijawahi kuona aibu kama ile kazini, na kazini nimekosea mara kadhaa.

Niliporudi ndani mama alikuwa hajasogea. Paka alikuwa amelala usingizi kwenye kitenge.

"Atapona?" aliuliza.

"Atapona. Ukiacha kumupatia."

"Basi naacha," alisema, kana kwamba tulikuwa tunaongea kuhusu sukari kwenye chai.

Jumatatu daktari wa mifugo alifika na mkoba wake, nikamweleza nilichokiona. Hakutoa wembe wala sindano aliyoiogopa mama. Alitoa sindano nyembamba ya kawaida, na mimi nikimwonyesha njia kwenye kioo, akaichoma kwenye ule mfuko na kuvuta maji ya rangi ya chai. Paka, ndani ya kitenge, alilalamika mara moja tu. Daktari aliinua bomba la sindano kwenye mwanga wa dirisha na kufurahi waziwazi. Alisema katika miaka yake yote hajawahi kuona ndani ya mnyama kabla ya kumchinja. Mama alimpikia chai yenye tangawizi na kumwambia akae.

Mama naye nilimpeleka kupimwa damu. Majibu yalikuja kama nilivyojua, ila mabaya zaidi, na daktari wetu alimrudishia vidonge kidogo-kidogo ili moyo usishtuke. Kila asubuhi nilisimama mbele yake mpaka amemeza. Aliniita polisi. Nilimwambia afungue mdomo nione chini ya ulimi, na akaufungua, akacheka mpaka akapaliwa.

Rafiki yangu wa Ulaya nilimwandikia yote. Alinijibu kwamba kwao paka huyo angelazwa chini ya ile kamera kubwa na shingo yake ingebaki giza tupu, maana tezi iliyolala haivuti dawa, na madaktari watatu wangekuna vichwa. Aliniomba ruhusa awasimulie wenzake. Alinionya pia kwamba mfuko wa maji nao si wa kuaminiwa moja kwa moja, nyama mbaya inaweza kujificha ukutani, nimtazame paka tena baada ya miezi mitatu. Niliweka tarehe ukutani kwa kalamu nyekundu.

Miezi hiyo mitatu ilikuwa mizuri. Paka alinenepa. Aliacha kupanda darini, akarudi kwenye gunia lake la unga, na wiki moja alituletea panya wawili na kuwapanga mlangoni. Manyoya yalimwota kooni, laini kuliko ya zamani. Mama alivua sweta moja, kisha ya pili. Sauti yake ilirudi nyembamba, na nyusi zikaanza kuota. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta amepanda juu ya stuli anapigilia msumari, nikamkemea, naye akanijibu vikali. Nilienda chumbani nikakaa kitandani nikitabasamu peke yangu, maana kwa miezi mingi hakuwa amenijibu vikali.

Tarehe nyekundu ilipofika nilirudi na mashine nyumbani. Tulijipanga kama mara ya kwanza: kiti cha mbao, kitenge, wimbo, mimi kwa magoti. Mfuko wa maji ulikuwa umesinyaa hata nikahangaika kuupata, ukuta wake laini kila nilipougusa. Na upande wa kushoto, pale penye ule uzi, kulikuwa na njiti ya kiberiti iliyokatwa katikati. Niliwasha rangi, na damu ikapita, kidogo, nyekundu na buluu. Nilimwonyesha mama, naye akauliza kama ndiyo yenyewe.

"Njo ile?"

"Njo ile. Imeamuka."

Alimfungua paka, naye akashuka na kujinyoosha, akaenda zake jikoni. Nilianza kuifuta sonda. Mama hakuinuka. Nilidhani magoti yanamsumbua, nikanyoosha mkono kumsaidia, nikaona anafungua kitambaa shingoni. Alikifungua taratibu, akakikunja mara nne, akakiweka mezani. Kisha akaegemeza kichwa nyuma kwenye kiti.

"Na mimi," alisema.

Niliogopa angebadili nia. Niliipasha jeli mikononi muda mrefu kuliko kawaida. Kovu lilikuwa refu, kutoka upande mmoja mpaka mwingine, limenyooka vizuri, kazi ya mtu aliyejua kushona. Nilipita kulia, nikapita kushoto, nikashuka mpaka juu ya mfupa wa kifua, nikarudi. Koo. Mishipa mikubwa miwili ikipiga, mapigo ya kawaida, moja baada ya jingine. Misuli. Pale palipokuwa na tezi hapakuwa na kitu. Nilizunguka tena ili niwe na hakika, kisha nikazunguka mara ya tatu kwa sababu tu alikuwa ameniruhusu.

Alikuwa amefumba macho kwa nguvu, na vidole vyake vilikuwa vimeshika kiti pande zote mbili.

"Sema," aliniambia. "Imerudi?"

"Hapana, Maman. Hamuna kitu. Iko safi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Haikurudiaka. Na haitarudi, hata bila vidonge. Vidonge ni ya kazi ingine, nitakuelezea."

Alikaa na macho yamefumbwa. Machozi yalimtoka pembeni na kuingia masikioni, na hakuyafuta. Nikaelewa kwamba kila asubuhi, tangu nikiwa shule ya msingi, mama yangu alikuwa akiipapasa shingo yake chini ya kile kitambaa akingoja, na hakuniuliza kwa sababu aliogopa ningemjibu.

Nilimfuta jeli kwa taulo. Aliinuka, akasema paka hajala, akaenda uani kumtafutia sambaza. Jirani alikuwa pale anaanika nguo. Mama alimsalimu na kusimama kuongea naye, shingo wazi kwenye jua, na kitambaa kilibaki mezani mpaka jioni.